Taa za mbele za gari zinapofifia au kugoma: kusaka hitilafu ya waya ukiwa nyumbani

Taa moja ya mbele ikififia, watu wengi hukimbilia duka la balbu. Balbu mpya inawekwa, inang'aa siku mbili, kisha mambo yanarudi palepale. Mara nyingi balbu haikuwa na kosa. Taa ya mbele ni mzigo mzito: balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 4.6, na mbili pamoja zaidi ya 9. Umeme wa kiasi hicho hausamehi kiungo kilicholegea. Waya, soketi au ethi (njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi) ikimeza volti 1 tu njiani, takriban robo ya mwanga imepotea, maana mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyoshuka. Dereva anayeendesha usiku kwenye barabara isiyo na taa, yenye bodaboda na ng'ombe pembeni, hana robo ya kupoteza.

Tutashughulika na balbu ya H4, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye Toyota, Nissan na Suzuki za zamani zilizotoka Japani. Ina pini tatu na nyuzi mbili ndani: wati 60 za fulu (mwanga wa mbali) na wati 55 za dimu (mwanga wa karibu). Gari lako likiwa na balbu za H11 au HB3, njia ya kupima ni ileile, ila fulu na dimu zina balbu tofauti. Kama taa ni za zenoni, usizifungue mwenyewe: kisanduku chake hutoa maelfu ya volti zinapowaka.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita ya kawaida, hata ya bei nafuu. Testa ya volti 12 yenye balbu ya uzi ndani. Ya LED haifai hapa, kwa sababu inawaka hata kwa umeme kiduchu na itakudanganya. Waya wa mita 3 wa milimita 2.5 za mraba wenye vibanio pande zote mbili. Balbu ya breki ya wati 21 iliyounganishwa waya mbili. Fyuzi za akiba za ampea 10 na 15, spana namba 10, bisibisi, msasa laini, brashi ya waya, dawa ya kusafishia konekta na vaselini. Tafuta pia sindano moja au pini nyembamba; utaona kazi yake.

Kabla ya kulegeza au kukata waya wowote, toa kwanza kichwa cha hasi cha betri. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche, na jirani na betri hakutakiwi cheche. Balbu ishike kwenye chuma chake, usiguse kioo. Mafuta ya vidole huunguza sehemu moja ya kioo kuliko nyingine na maisha ya balbu yanakatika mapema. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti.

Jua kwanza gari lako linakatia umeme upande gani

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata baadhi ya mafundi. Kuna mifumo miwili. Katika wa kwanza, pini ya pamoja ya balbu imefungwa ethi muda wote, na swichi inapeleka chanya kwenye pini ya dimu au ya fulu. Katika wa pili, pini ya pamoja ndiyo inayopokea chanya, na swichi ya mkononi (ya kwenye usukani) inaunganisha dimu au fulu na ethi. Huu wa pili umo kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, hasa Hilux na Land Cruiser. Ukipima gari la namna hiyo kwa mazoea ya mfumo wa kwanza, utasema waya ya fulu imekufa wakati ni nzima kabisa.

Kutambua ni kazi ya dakika tano. Chomoa soketi za taa zote mbili, kushoto na kulia. Usiache ya upande mmoja, kwa sababu umeme utapita kwenye nyuzi za balbu ile na kutokea upande wa pili, nawe utasoma volti mahali ambapo hazitoki. Washa swichi ya gari na taa. Waya mweusi wa multimita uweke kwenye hasi ya betri, mwekundu uuguse kila tundu la soketi, kwanza kwenye dimu kisha kwenye fulu. Volti 12 zikihama kutoka tundu moja hadi jingine unapobadilisha swichi, gari linakata upande wa chanya. Zikibaki tundu lilelile kwenye dimu na kwenye fulu, linakata upande wa ethi. Andika matokeo kwenye karatasi pamoja na rangi za waya. Utayahitaji.

Soma dalili kabla ya kufungua kitu

Taa zote mbili zimekufa, dimu na fulu, lakini taa ndogo za paki zinawaka: angalia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi kuu au swichi. Balbu mbili huungua pamoja kwa nadra sana, labda kama altaneta, ile inayochaji betri, inachaji kupita kiasi. Dimu haipo pande zote mbili lakini fulu ipo: shuku swichi ya mkononi kwanza, maana mguso wa dimu ndio unaofanya kazi saa nyingi zaidi. Hata hivyo usisahau kwamba balbu zilizowekwa siku moja zinaweza kukata uzi wa dimu ndani ya wiki moja.

Taa moja inawaka na kuzima gari likipita kwenye shimo: soketi imelegea, au waya umekatika ndani ya mpira wake.

Dalili ya kupendeza kuliko zote ni ya taa moja kuwaka kwa wekundu hafifu, kama kaa la sigara. Kwenye gari linalokata chanya, hiyo ni ethi mbovu ya upande ule. Umeme ukikosa njia ya kutokea, unapita kwenye uzi wa fulu wa balbu hiyohiyo na kuvuka kutafuta ethi ya taa ya pili, na pengine taa ya bluu ya dashibodi nayo inawaka kidogo. Kwenye gari linalokata ethi, dalili hiyohiyo mara nyingi maana yake ni fyuzi iliyoungua. Umeme unaingia taa nzima, unapita uzi wake wa fulu, unavuka hadi taa yenye fyuzi mbovu, unapita nyuzi zake mbili, ndipo unafika ethi. Nyuzi tatu zimefuatana, ndiyo maana zinawaka kama zimechoka. Mwenye gari akiona taa inawaka, hata kidogo, hafikirii fyuzi kabisa, na hapo anapoteza siku nzima.

Hatua ya 1: betri na altaneta

Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, acha kusaka waya kwa sasa, maana altaneta inaunguza balbu na betri pia; itengenezwe kwanza. Kama taa zinapwaya injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na kung'aa ukikanyaga mafuta, kaza na usafishe vichwa vya betri kabla ya kwenda mbali.

Hatua ya 2: fyuzi

Tafuta boksi la fyuzi chini ya boneti. Kwenye Toyota nyingi utaona maandishi HEAD LH na HEAD RH ndani ya kifuniko; kushoto na kulia kila moja na fyuzi yake. Usitegemee macho. Fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana, au miguu yake imeshika kutu ya kijani, jambo la kawaida kwa magari ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar yanayokula upepo wa chumvi. Taa zikiwa zimewashwa, gusa kwa testa vidoto viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Vyote viwili viwake. Kikiwaka kimoja tu, fyuzi imekata.

Rangi zinakusaidia: ampea 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano, 30 ni kijani. Rudisha ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kifuniko. Fyuzi ya 30 mahali pa 10, au kipande cha waya, haitengenezi kitu. Hitilafu inabaki, na sasa kitakachoungua ni waya wenyewe ndani ya kitita, huenda na gari zima.

Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usiendelee kulisha nyingine. Itoe, na mahali pake unganisha ile balbu ya breki ya wati 21 kwa waya zake mbili. Chomoa soketi za taa zote, kisha washa. Balbu ya breki ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti njiani, lakini balbu imezuia umeme usizidi ampea 2, kwa hiyo una muda wa kutafuta bila kuunguza. Tikisa kitita cha waya kidogo kidogo kuanzia kwenye taa kurudi nyuma, hasa kinapopita kwenye tundu la chuma, nyuma ya betri na karibu na feni ya rejeta. Balbu ikizima ghafla, mkono wako uko mahali penyewe. Panya nao hawapaswi kusahauliwa: gari lililolala wiki mbili bila kuwashwa ni nyumba yao, na waya uliotafunwa huwa na alama za meno na maganda ya mpira chini yake.

Hatua ya 3: rilei

Washa taa huku mtu ameshika rilei. Asikie mlio mdogo wa "tik". Mlio maana yake koili (waya uliozungushwa ndani unaovuta miguso) inafanya kazi, haimaanishi kwamba miguso inapitisha umeme. Njia ya haraka ni kubadilishana na rilei nyingine ya aina ileile kwenye boksi, kwa mfano ya honi. Ukitaka kupima, koili kati ya pini 85 na 86 husoma makumi ya omu, mara nyingi kati ya 70 na 100. Kisha wape 85 na 86 volti 12. Kati ya 30 na 87 ukinzani ushuke hadi karibu na sifuri. Rilei za Toyota nyingi hazina namba hizi, ila mchoro mdogo umechorwa ubavuni.

Hatua ya 4: pima taa ikiwa inawaka

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili ukiupima mtupu, kwa sababu multimita haivuti umeme. Ukiupa kazi ya kupitisha ampea 4.6, volti zinaporomoka. Kwa hiyo soketi iache imechomekwa kwenye balbu, taa iwake, na kipimo kifanyike kwa nyuma.

Vuta mpira wa kuzuia vumbi. Ingiza sindano taratibu nyuma ya soketi, ukifuata waya, mpaka iguse chuma cha pini. Sindano mbili zisikutane. Injini iwake. Pima kwanza volti za betri, kisha pima moja kwa moja kati ya pini ya pamoja na pini ya dimu. Tuseme betri ni 14.0 na kwenye balbu unapata 13.4: hapo ni pazuri. Ukipata 12.6, volti 1.4 zimeliwa njiani, na kazi yako ni kujua zimeliwa wapi.

Gawanya njia mara mbili. Kwenye gari linalokata chanya, weka waya mwekundu wa multimita kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye pini ya dimu inayopokea chanya. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, upande wa chanya una tatizo. Halafu mwekundu kwenye pini ya ethi ya balbu, mweusi kwenye hasi ya betri. Hapa isizidi 0.2. Kwenye gari linalokata ethi, upande wa kurudi unapita swichi na waya wa ndani, kwa hiyo hata 0.5 inavumilika, ila jumla ya pande zote mbili isipite volti 1.

Upande mbaya ukishajulikana, acha waya mmoja wa multimita kwenye betri na sogeza mwingine kituo kwa kituo: pini ya balbu, kutokea kwa rilei, kuingia kwa rilei, mguu mmoja wa fyuzi, mguu wa pili. Mahali ambapo namba inashuka ghafla, mfano kutoka 1.1 hadi 0.2, kiungo kibovu kiko kati ya vituo hivyo viwili. Huna haja ya kufungua kitita kizima.

Ethi

Chukua ule waya wa mita 3, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, na mwingine uuguse kwenye pini ya ethi ya taa iliyofifia. Ikilipuka kwa mwanga, umepata jibu bila multimita. Hii ni kwa magari yanayokata chanya tu. Kwenye yale mengine pini ya pamoja ina moto, ukiigusa na hasi umefanya shoti.

Fuata waya wa ethi mpaka bolti yake, mara nyingi kwenye chuma kinachoshika rejeta au ndani ya fenda. Fungua kwa spana namba 10. Utakuta kutu ya kahawia chini ya pete, au rangi: magari yaliyonyooshwa baada ya ajali hupakwa rangi juu ya sehemu za ethi, na hakuna anayekumbuka kuikwangua. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, pande zote mbili za pete pia, funga kwa nguvu, halafu ndipo upake vaselini juu. Vaselini ikitangulia kabla ya kukaza haina kosa kubwa, ila juu ndiko inakohitajika kuzuia maji.

Soketi iliyoungua

Chomoa soketi na uitazame kwenye jua. Plastiki ya kahawia au iliyoyeyuka kwenye pini moja tu inasema chuma cha pini hiyo kimelegea, kikatengeneza ukinzani, kikapata joto, joto likakilegeza zaidi. Usikibane kwa plaizi na kuondoka. Chuma kilichopata joto hadi kubadilika rangi hakina tena nguvu ya kubana. Weka soketi mpya, ikiwezekana ya kauri, yenye waya wa milimita 2.5 za mraba. Kata waya wa zamani kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu wala haibaniki vizuri. Tenganisha viungo vitatu, kila kimoja sentimita 3 mbali na mwenzake, ili tepu ikichoka visigusane.

Chanzo cha soketi nyingi zilizoyeyuka ni balbu za wati 100 kwa 90 zinazouzwa kama "taa kali". Waya, soketi na swichi vilitengenezwa kwa 60 kwa 55.

Swichi ya mkononi

Kama vipimo vyote vya mbele ni vizuri lakini volti zinaliwa kwenye swichi, miguso imeungua. Gari lenye mkoba wa hewa kwenye usukani, toa hasi ya betri na subiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua kava, wala usiguse plagi za njano. Miguso iliyofanya weusi tu inasafishika kwa msasa laini na dawa. Iliyochimbika ibadilishwe.

Dawa ya kudumu: rilei mbili karibu na taa

Magari mengi ya zamani hupitisha umeme wote wa taa kwenye swichi. Ukiweka rilei mbili mbele, swichi inabaki na kazi ya kuwasha koili tu. Nunua rilei 2 za ampea 30, fyuzi 2 za ampea 15 na nyumba zake, soketi 2 za kauri, plagi 1 ya kiume ya H4 na mita 6 hivi za waya wa milimita 2.5 za mraba. Plagi ya kiume inaingia kwenye soketi moja ya asili ya gari. Soketi ya pili ifunge kwa nailoni. Koili ya rilei ya kwanza iunganishe kati ya waya wa pamoja na wa dimu, koili ya pili kati ya waya wa pamoja na wa fulu. Kwa kuwa koili haijali umeme unaingia upande gani, mpangilio huu unafanya kazi kwenye mifumo yote miwili, mradi rilei isiwe na dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Pini 30 za rilei zitoke chanya ya betri kupitia fyuzi, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Pini 87 ziende dimu na fulu za soketi mpya, na pini ya pamoja ya kila soketi ifungwe ethi safi ya upande wake.

Funga kila kitu mbali na ekzosi na feni. Washa dimu kwa dakika 20 injini ikiwaka, kisha gusa soketi, fyuzi, rilei na bolti za ethi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Kikikuunguza, kiungo hicho kirudiwe.

Halafu egesha mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare, magurudumu yakiwa na upepo sawa. Mstari wa juu wa dimu uanguke kama sentimita 10 chini ya urefu wa katikati ya taa, na upande wa kushoto ndio unaopanda juu, kwa kuwa tunaendesha kushoto. Ukipanda upande wa kulia, balbu au taa hiyo ni ya nchi za kuendesha kulia, nawe unawapofusha wanaokuja mbele yako.